Nilivyozivua Nguo Nyasi za Bluu

Wanangu wa bustani, simu zenu nimezipokea zote, hata ya yule aliyepiga mara tano nikiwa kwenye swala halafu akanuna kwamba bibi anaringa. Mnauliza jambo moja: zile nyasi za bluu mlizoziona kwenye picha za nyumba ya wageni ya Newala, ni za kweli au zimepakwa rangi? Mmoja wenu wa Tandahimba ameapa kwamba picha imechezewa kwenye simu. Mwingine wa Nanganga amesema yeye hataki maneno mengi, nimtumie mbegu tu kwa basi la kesho. Nimecheka mpaka mjukuu wangu akaja kuangalia kama naumwa.

Ni za kweli. Nimezitunza mimi kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka magoti yalipogoma kuchuchumaa. Mdomo bado una nguvu, kwa hiyo leo nitautumia huo. Na kwa kuwa mnanisifu sana huko kwenye makundi yenu, mkiniita mama wa nyasi za bluu, naona ni haki mjue kwamba mama huyo, katika miezi yake mitatu ya kwanza kazini, alikaribia kuziua zote kumi na mbili kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa bidii, tena huku akijisifu.

Kwanza mzijue. Hizi nyasi si kubwa. Shina moja likikomaa linafika shubiri moja na nusu, limejikusanya duara, majani yamesimama pande zote kama nungunungu aliyeogopa. Majani ni membamba kuliko sindano ya kushonea mkeka. Hazitambai kama ukoka. Ukizipanda hapa leo, mwaka kesho utazikuta hapa hapa. Na bluu yake si ile ya sketi za shule. Ni bluu iliyochanganyika na majivu, kama shingo ya njiwa. Wageni wengi wakifika mara ya kwanza huziangalia, huziangalia tena, kisha huinama kuzigusa. Nitarudi kwenye hilo la kuzigusa, maana ndilo lililonitoa jasho.

Zililetwa Newala na Mama Hamisi, mwenye ile nyumba ya wageni. Alikuwa nesi, akastaafu, akajenga vyumba vinane pale ukingoni, mahali ambapo ukisimama uwanjani unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini yako. Alikwenda Njombe kumsalimia dada yake, akaziona kwenye ua wa kanisa, akaomba, akapewa. Alizisafirisha kwenye boksi, kila shina katika kiriba chake cha plastiki, boksi likiwa mapajani mwake njia nzima. Dada yake alimwambia zile ni nyasi za baridi, huko kwenu zitakufa. Mama Hamisi akamjibu kwamba Newala asubuhi tunavaa masweta kama ninyi, msijione.

Hakuzileta kwa urembo tu. Kulikuwa na vita baridi baina yake na mwanawe. Hamisi anafanya kazi Dar es Salaam, na ndiye aliyekuwa akisaidia kuiendesha ile nyumba. Mnajua shida ya maji ya huku juu. Kiangazi kikishika, maji ya bustani yalikuwa yanaletwa kwa gari, na Hamisi alikuwa amechoka kulipia maji ya kunywesha maua. Alimwambia mama yake: tung'oe kila kitu, tuweke pevingi, yale matofali ya saruji, uwanja mzima, ufagio mmoja unatosha. Mama Hamisi akamwomba jambo moja. Mwezi wa saba ukija likizo, alisema, nitakuonyesha bustani isiyokunywa maji. Ukikuta imependeza, tunaiacha. Ukikuta vumbi, lete pevingi zako.

Pevingi zingekuja, sisi wawili tulikuwa hatuna kazi. Wa kwanza ni Baba Kandida, mtunza bustani, mzee mrefu aliyeongea polepole, aliyekuwepo pale tangu msingi unachimbwa. Wa pili ni mimi. Mume wangu alikuwa amefariki, mikorosho yake ya kijijini Chilangala ikabaki kwa ndugu zake, na mimi nikabaki na Shaibu na dada yake, wote wawili shule ya msingi. Kazi ile ya bustani ilikuwa ndiyo sahani yetu ya jioni. Naomba mkumbuke hivyo mnaponicheka mbele huko, kwa sababu mtanicheka.

Baba Kandida alizipanda mwenyewe. Nilidhani atachimba mashimo, atajaza samadi, atamwaga maji, kama tunavyofanya kwa mpapai. Akanifukuza na ndoo yangu ya samadi.

"Mama Shaibu, hicho ni cha nini?"

"Chakula chao, Baba."

"Hawa hawali. Hawa ni watu wa kufunga."

Alichanganya udongo wetu mwekundu na mchanga na kokoto ndogo, akainua vituta kimo cha kiganja ili maji ya mvua yasituame shingoni mwa nyasi. Akachagua upande wa mashariki usio na kivuli chochote. Chini ya mkorosho, alisema, zitageuka kijani, zitalegea, kisha zitaoza. Zinataka jua lote, upepo wote, udongo maskini, na maji kidogo mpaka zishike. Baada ya hapo, chomeka kidole. Kama kiungo cha pili kinakuta unyevu, weka ndoo chini uende ukafanye kazi nyingine. Nimewafundisha wengi wenu kanuni hiyo ya kidole na najua hamuifuati. Mnamwagilia kwa huruma.

Nyasi zilishika. Mwezi wa sita ulipokaribia kuisha zilikuwa zimejaza vituta vyao, na asubuhi ukungu ukiondoka ulikuwa unaziona zimetulia pale, kumi na mbili, bluu tupu juu ya udongo mwekundu. Mama Hamisi alikuwa akinywa chai amekaa kuzielekea. Ilibaki wiki moja Hamisi afike.

Wiki hiyo Baba Kandida akaenda Masasi kupimwa macho, siku tatu. Akaniachia bustani na neno moja: "Usifanye kitu." Ndiyo kazi ngumu kuliko zote duniani, wanangu. Mtu mwenye bidii ukimwambia asifanye kitu, umemtafutia matatizo.

Siku ya kwanza asubuhi nikainama kuondoa jani kavu kwenye shina la mwisho. Vidole vyangu vikatoka na unga. Nikavitazama. Unga mwembamba, mweupe uliofifia. Nikagusa shina la pili, unga. La tatu, unga. 

Ninyi mliozaliwa huku hamhitaji maelezo, lakini yupo mwenzenu wa kutoka Dodoma, kwa hiyo nitasema. Kwetu uwanda huu wote, mtoto anaujua ubwiri unga kabla hajajua kuhesabu. Ni ugonjwa wa mikorosho. Unaingia msimu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, kwenye majani machanga na maua. Unakuja kama vumbi jeupe la kijivu, na ukiuchelewesha, korosho hupati. Nimekua naamshwa alfajiri kubeba salfa, dawa yake ya unga wa njano, kabla umande haujakauka. Baba yangu alikuwa akipita chini ya kila mti, anainua tawi, anasugua jani kwa kidole gumba, anakitazama kidole. Kikitoka na unga, siku hiyo hakuna anayekaa.

Sasa mimi huyo, binti wa mkulima wa korosho, mwezi wa sita, baridi, ukungu, unga kwenye vidole. Ningewaza nini kingine? Ugonjwa umeingia, mzee hayupo, Hamisi anakuja, na watoto wangu wanakula kwa nyasi hizi.

Nikachukua beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya kufulia na kitambaa laini cha shati la Shaibu lililochakaa. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaanza kufuta jani moja baada ya jingine, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Nilifuta siku nzima. Nikafuta na siku ya pili. Mama Hamisi alikuwa kitandani na mafua, hakuniona, angeniona angeniokoa. Mpishi alipita akaniuliza nafanya nini, nikamwambia natibu. Akasema pole.

Siku ya pili alasiri nikaenda kwa jirani mwenye mikorosho nikaomba kopo la salfa. Nikaifunga kwenye kipande cha chandarua, nikapiga-piga juu ya kila shina mpaka zote zikawa njano. Kisha nikasimama, mikono kiunoni, nikajipongeza. Nilisema kwa sauti kabisa: bila mimi hizi zilikuwa zimekwisha.

Baba Kandida akarudi siku ya tatu. Alipita getini na mfuko wake wa dawa, akaja moja kwa moja mpaka kwenye vituta. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, Baba. Ubwiri uliingia, lakini nimeudhibiti."

"Marahaba," akasema. Akachuchumaa. Akapuliza salfa kwenye jani moja, ikaruka. Chini yake jani lilikuwa kijani. Kijani cha kawaida, kama nyasi za kando ya barabara. Akapuliza la pili. Kijani. Akaendelea kupuliza mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mapafu yake.

"Mama Shaibu," akasema mwishowe, "umewavua nguo."

Ndipo akanieleza yale ambayo nami humweleza kila anayekuja kujifunza nyasi hizi, siku ya kwanza kabla sijampa hata jembe. Ule unga si ugonjwa. Ndiyo bluu yenyewe. Jani lile kwa ndani ni kijani kama majani mengine. Rangi inakaa nje, kwenye nta nyembamba inayolikinga na jua na ukavu. Ni nyembamba kiasi kwamba hata kidole kikipita kinaacha mstari. Na jani likishavuliwa halivai tena. Linabaki hivyo mpaka life. Salfa nayo, kwa jua la mchana juu ya jani lisilo na nta, ilikuwa imeanza kuunguza ncha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimuuliza itakuwaje. Akaangalia upande wa getini, kama vile gari la Hamisi limeshafika.

"Majani mapya yatatoka na nguo zao," akasema. "Haya ya zamani yaondoke."

Akaleta mkasi mkubwa. Akazishika nyasi za shina la kwanza kwa mkono mmoja kama mtu anayemfunga mtoto nywele, akakata, akabakiza kimo cha vidole vinne. Aliniambia kamwe usikate mpaka chini, maana uhai wake uko hapo shingoni. Kwa kawaida hazikatwi ovyo. Unapitisha vidole kama chanuo, majani makavu yanatoka yenyewe. Lakini zetu zilikuwa zimeharibika zote. Alikata mashina kumi na mawili. Alipomaliza, kile kilichokuwa fahari ya Mama Hamisi kilikuwa brashi kumi na mbili za kusugulia sakafu, zimechomekwa mchangani.

Mama Hamisi alipotoka ndani kwa mara ya kwanza tangu mafua yamshike, akaona. Akaweka mkono mdomoni. Kabla sijafungua wangu, Baba Kandida akasema, "Nimezinyoa mimi, Mama. Zilihitaji kunyolewa." Mimi nikanyamaza. Nasema tena ili mnisikie vizuri: nikanyamaza.

Hamisi akafika kesho yake. Kijana mpole, msafi, kiatu kinang'aa, kila saa anakifuta vumbi la Newala. Akatembea uwanja mzima na mama yake mpaka kwenye vituta.

"Hizi ndizo nyasi za bluu?"

"Ndizo," mama yake akasema kwa sauti ndogo.

"Bluu iko wapi?"

"Nimezinyoa mimi," Baba Kandida akasema.

Hamisi akamtazama, akazitazama zile brashi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema, "Mzee, macho yako yamechoka. Nadhani na wewe umechoka. Mwisho wa mwezi upumzike, tutakuaga vizuri." Kisha akamgeukia mama yake, akasema lori la pevingi ataliagiza Mtwara. Ahadi ilikuwa ahadi.

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale, nimeshika reki. Niliogopa. Sina neno jingine zuri zaidi la kuwapa. Nilifikiria daftari za watoto, nikafikiria Chilangala na wale shemeji, nikaona bora mzee aende kwa heshima kuliko mimi nifukuzwe kwa aibu. Jioni ile Baba Kandida akaniaga kama siku zote, akaniambia kesho tufagie upande wa jiko. Hakunitazama vibaya. Nilienda nyumbani nikapika ugali nikashindwa kuula.

Siku iliyofuata tulifagia upande wa jiko. Yeye akinisimulia jinsi alivyopimwa macho, jinsi daktari alivyomwonyesha herufi naye akamwambia daktari kwamba hata akiwa na macho mazima zile asingezisoma. Alikuwa anataka nicheke. Nilicheka, nikajichukia.

Hamisi alikuwa aondoke Ijumaa asubuhi. Alikuwa barazani na mama yake wanakunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Nikapanda ngazi na reki mkononi, nikasahau kuiacha chini, nikasimama nayo kama askari.

"Shikamoo, Mama Hamisi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nyasi niliziharibu mimi. Baba Kandida hakuwepo. Nilizifuta kwa sabuni, nikazipiga salfa. Nilidhani ni ubwiri."

Hamisi akaweka kikombe. "Ulizifuta?"

"Jani moja moja. Siku mbili."

Mama Hamisi akainamisha uso, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, jamani, anajizuia asicheke mbele ya mwanawe, na mafua yake yakageuza kicheko kuwa kikohozi. Hamisi hakucheka. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma.

"Kwa nini hukusema juzi, mzee alipokuwa anaagwa mbele yako?"

"Niliogopa. Watoto wangu wanasoma."

Akaita, "Baba Kandida!" Mzee akaja anajifuta mikono. Hamisi akamuuliza kwa nini alisema amefanya yeye.

"Sikusema nimezifuta," mzee akajibu. "Nilisema nimezinyoa. Na kweli nilizinyoa."

"Mzee."

"Baba, sikiliza. Mimi wangu wameshamaliza shule. Huyu wake ndiyo kwanza wanaanza. Na mtu aliyekaa siku mbili anafuta majani moja moja kwa kitambaa, huyo ndiye wa kuachiwa bustani. Hakosi upendo, anakosa maelezo tu. Maelezo nilipaswa kumpa mimi, nikaenda zangu Masasi nikamwambia asifanye kitu. Kwa hiyo kosa ni langu."

Machozi yalinitoka pale pale, na reki yangu. Hamisi akauliza majani mapya yenye bluu yatachukua muda gani. Mzee akasema mwezi wa tisa yatakuwa yameshavaa. Hamisi akasema mwezi wa tisa atakuja kwenye harusi ya binamu yake. Lori halitakuja mpaka hapo, na wala mzee haendi popote mpaka hapo. "Lakini nikikuta brashi," akasema, "hata ninyi hamtakuwa na la kusema." Akaenda zake.

Basi wakati tunasubiri mwezi wa tisa, ngoja niwaambie ya Masasi, maana maswali yenu mengi yanatoka huko. Miaka mingi baadaye, nyasi zetu zilipokuwa zimezaana, nilimpelekea wifi yangu mashina manne. Wifi yangu anakaa Masasi mjini, na ana moyo mzuri wa kutisha. Nilimpa maelezo yote, akaitikia yote. Nikarudi Newala. Yeye akachagua udongo mweusi mzuri unaoshika maji, akaweka samadi ya mbuzi, akamwagilia asubuhi, mchana kwa sababu ya joto, na jioni kwa sababu alikuwa anapita hapo. Mwezi wa kwanza akanipigia simu kwamba zake zimekuwa kubwa kuliko zangu. Wa pili akasema zimelala kidogo, zimenona. Wa tatu akasema zinanuka. Nilipokwenda, nilishika shina likabaki mkononi kama kipande cha mkate uliolowa chai.

Si kwamba Masasi haiwezekani. Joto la kule linazichosha, hilo ni kweli, na masika yanazikuta hazina pumzi. Lakini fundi mmoja alizipanda kwenye vyungu vya saruji vyenye matundu makubwa, mchanga na kokoto kuliko udongo, akazipa jua la asubuhi akazikinga na la saa nane, na amezifikisha mwaka wa tatu. Mwaka wa pili au wa tatu ndipo utaona shina linapata kipara katikati. Usilie, si ugonjwa, ni uzee. Mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaaga na udongo ungali na unyevu, ling'oe, ligawe kwa kisu kikali, utupe kile kikavu cha katikati, upande vile vya pembeni vyenye mizizi yao. Shina moja linakupa matatu au manne. Na wewe wa Nanganga unayetaka mbegu, huku kwetu sijawahi kuziona zikichanua vizuri, nadhani baridi yetu ni ya sweta tu, haijafika ile wanayoitaka. Na hata mbegu zikipatikana, watoto hawafanani na mama, mmoja bluu mwingine kijani. Njoo uchukue kipande, uache basi lipumzike.

Haya, mwezi wa saba. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika kwenye vituta. Wiki mbili hakuna kitu. Wiki ya tatu katikati ya zile brashi vikatokea vichipukizi, vidogo, kama ndevu za kijana. Nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Vilikuwa na unga. Nikaweka mikono yangu yote miwili nyuma ya mgongo na nikaishikilia huko. Baba Kandida aliniona kwa mbali, akasema hiyo sasa ndiyo kazi.

Mashina mawili hayakurudi, salfa ilikuwa imeyazidi. Kumi yalirudi. Mwezi wa nane yalifunika makovu. Mwezi wa tisa, jua kali, majani ya bustani za majirani yamekauka, tangi letu liko robo, na nyasi zile zilikuwa bluu kuliko zilivyokuwa mwanzo. Ukavu unazipendeza. Tulikuwa hatujazimwagilia wiki mbili. Mama Hamisi akarudisha kiti chake cha chai pale pale, lakini hakusema neno la kujitapa, aliogopa kuzikosesha bahati.

Hamisi akafika siku moja kabla ya harusi, na wageni wenzake wawili kutoka Dar. Akashuka kwenye gari. Hakuingia ndani. Alikuja moja kwa moja, taratibu, mpaka mbele ya shina la kwanza, lile zuri kuliko yote. Mama yake akaja nyuma yake. Mimi na Baba Kandida tulisimama upande wa pili, nami nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Hamisi akaziangalia. Akaziangalia tena. Akachuchumaa kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Kisha akanyoosha mkono, akashika jani kwa kidole gumba na cha shahada, na akaanza kusugua.

Sauti ya kofi ikasikika. Baba Kandida alikuwa amempiga mkono. Bosi wake, aliyekuwa ameshajiandaa kumuaga, mbele ya wageni wake, mbele ya mama yake mzazi. Mkono wa Hamisi ukarudi kifuani kama wa mtoto aliyefumaniwa kwenye kopo la sukari.

Mzee mwenyewe alikuwa anautazama mkono wake kana kwamba si wa kwake. Mimi nilishaanza kufunga mizigo kichwani. Hamisi akageuza kidole gumba, akautazama ule unga mweupe juu yake, akaliangalia lile jani lililokuwa sasa na mstari wa kijani.

"Samahani, Baba," akasema. "Nilitaka tu kujua kama inatoka."

"Inatoka," Baba Kandida akasema. "Muulize Mama Shaibu."